Kutoka Lubumbashi hadi vilima vya mchanga vya Sossusvlei kwa gari la kulala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika na watu wakianza kuhesabu siku za likizo kubwa. Majibu yameandikwa kwa mtu anayetoka Lubumbashi na gari lake mwenyewe, akielekea Sesriem na Sossusvlei, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft nchini Namibia. Anayepanda ndege hadi Windhoek na kukodi gari huko aruke moja kwa moja kwenye maswali ya kokoto na tairi.

Ni kilomita ngapi, na wiki mbili zinatosha?

Ni karibu kilomita 2,800, kwenda tu. Njia inapita Kasumbalesa (mpaka wa Congo na Zambia), Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone na Sesheke. Hapo unavuka daraja la Zambezi kuingia Katima Mulilo, kisha Rundu, Grootfontein, Otjiwarongo na Windhoek. Karibu yote ni lami hadi Windhoek. Baada ya hapo, zaidi ya kilomita 300 zilizobaki hadi Sesriem nyingi ni kokoto.

Wiki mbili zitakwisha ukiwa bado kwenye usukani. Hesabu siku sita kwenda, sita kurudi, na usiku tatu au nne kwenye mchanga. Siku ya kwanza ihesabu kama nusu siku kwa sababu ya Kasumbalesa: magari madogo hayakai kwenye foleni ya malori ya shaba, lakini madirisha ya makaratasi ni yale yale. Ukitoka mjini saa kumi na moja alfajiri, panga kulala Kapiri Mposhi au Kabwe. Anayejilazimisha kufika Lusaka usiku anakwenda kukutana na lori lililoharibika katikati ya njia bila taa. Na kati ya Kongola na Divundu, ndani ya hifadhi ya Bwabwata, tembo huvuka barabara wapendapo. Kipande hicho ni cha mchana tu.

Mazuti (dizeli) yatakula kiasi gani?

Land Cruiser ya dizeli yenye hema juu na mzigo wa watu wanne hunywa lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100 ukienda mwendo wa 90. Kwenda peke yake ni karibu lita 400. Ukipandisha mwendo hadi 110, hema la juu linakuwa kama ukuta dhidi ya upepo na hesabu hiyo haina maana tena. Solitaire na Sesriem kuna vituo vya mafuta, lakini jaza tangi Windhoek hata hivyo.

Gari gani linafaa? Lile kubwa lenye kitanda na choo ndani litafika?

Litafika Sesriem, na kutoka geti la Sesriem litakwenda kilomita 60 za lami katikati ya vilima hadi maegesho ya magari ya kawaida. Kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu, ni za magari ya 4x4 tu, yaani yanayovutwa na magurudumu yote manne. Hapo gari kubwa linaachwa, watu wanapanda gari la usafiri wa hifadhi. Kila msimu kuna anayedhani kilomita tano si kitu. Tani nne na nusu zikizama hadi kwenye ekseli hazitolewi na marafiki wawili na sepeto.

Kwa anayetoka Lubumbashi, jibu linalofaa zaidi ni gari la kawaida la 4x4 lenye hema la kukunja juu ya paa. Ila soma kitabu cha gari kwanza. Magari mengi ya familia yanaruhusiwa kubeba kilo 75 hadi 100 tu juu ya paa yakiwa mwendoni, na hema peke yake lina kilo 50 hadi 70. Maana yake bidoni za maji, tairi la akiba na mfuko wa unga haviendi juu. Uzito wa juu ndio unaopindua gari kwenye kona ya kokoto.

Karavani ya kuvuta inafaa pia, mradi ibaki kambini wewe ukienda kwenye vilima. Na usiipitishe mlima wa Spreetshoogte: ni mkali mno kwa karavani na malori. Pitia Rehoboth, barabara ya C24.

Makaratasi gani yatakaguliwa?

Pasipoti, viza kama inahitajika (ulizia ubalozi wa Zambia na wa Namibia kabla ya kulipia chochote, kanuni hubadilika), na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka Congo huulizwa hiyo kila mahali. Kwa gari: karti roze (kadi ya usajili wa gari) ya asili, na kama gari si la jina lako, barua ya ruhusa ya mwenye gari iliyopigwa muhuri wa noteri. Leseni yetu iko kwa Kifaransa, kwa hiyo beba leseni ya kimataifa pamoja nayo.

Bima ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) inakufaa Zambia. Namibia si mwanachama wa COMESA. Pale Katima utalipa pia ushuru wa barabara wa magari ya kigeni, na risiti yake utaombwa tena njiani. Usiitupe pamoja na karatasi za maandazi. Zambia wanataka pembetatu mbili na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma.

Pesa: dola ya Namibia na randi ya Afrika Kusini zina thamani moja, na randi inapokelewa Namibia. Kinyume chake hakipo, kwa hiyo maliza dola za Namibia kabla ya kutoka.

Kuendesha upande wa kushoto ni shida?

Barabara yenyewe unaizoea ndani ya saa moja. Shida ni kulipita lori ukiwa na usukani wa kushoto: huoni kinachokuja mpaka gari lote liwe limetoka nje ya mstari. Abiria wa mbele ndiye jicho lako, na akisema "ngoja", unangoja. Hatari ya pili ni asubuhi, ukitoka kambini au kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu: mkono unarudi wenyewe upande wa kulia. Kibandiko chenye mshale kwenye dashibodi kimeokoa watu.

Naweza kubeba nyama na makala (mkaa) kutoka nyumbani?

Nyama mbichi, hapana. Namibia ina uzio wa mifugo unaokata nchi upande wa kaskazini, uliowekwa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo usishuke kusini. Kati ya Rundu na Grootfontein utasimamishwa kwenye kizuizi cha Mururani na friji itafunguliwa. Hata nyama uliyonunua Rundu itabaki hapo. Kwa hiyo pika kila kitu kabla ya Mururani, nunua nyama mpya Grootfontein. Makala nayo hayana haja ya kusafiri: Namibia wanachoma makala mengi, na kuni zinauzwa kwa mifuko kwenye vituo vya mafuta. Kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Mti uliokauka jangwani ni nyumba ya viumbe kadhaa.

Barabara ya kokoto ina ubaya gani? Sisi tumezoea vumbi.

Vumbi la kwetu lina mashimo, na shimo unaliona. Kokoto ya Namibia ni pana, imenyooka, inakudanganya ukimbie. Kisha unakutana na kona, au gurudumu linapanda ule mstari wa mawe uliolundikana katikati, na nyuma ya gari inaanza kuelea. Usizidi 80, na kwa gari lenye hema juu, 70 inatosha. Gari likiteleza, achia mafuta, shika usukani kuelekea unakotaka kwenda, usiguse breki.

Mahali pengine barabara imekunjamana kama bati. Mtikisiko huo unafungua nati zote ambazo fundi wako hakuzikaza. Kila jioni pita na spana: boliti za kubeba hema, vishikio vya betri, shokamzoba, nati za magurudumu. Makopo ya bia na soda yakipangwa wima yakigusana husuguana hadi yakatoboka. Kila moja livishwe soksi au gazeti. Vumbi huingilia mlango wa nyuma, kwa sababu gari likienda huvuta hewa kutoka nyuma yake. Funga vioo vyote, washa feni ya hewa ya nje kwa nguvu: shinikizo la ndani likizidi la nje, vumbi linabaki huko huko.

Filta ya hewa ya karatasi ikung'ute kila baada ya siku ya kokoto. Ukiwa na kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa maji.

Tairi niweke upepo kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko mengine yote hapa, maana mchanga haujali nguvu ya injini. Gari dhaifu lenye tairi laini litalipita gari la V8 lenye tairi gumu, kila siku. Ukipunguza upepo, sehemu ya tairi inayokanyaga chini inarefuka, uzito unasambaa, na gurudumu linatembea juu ya mchanga. Likiwa gumu linachimba.

Kwa 4x4 yenye mzigo wa kawaida: kwenye lami, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, mara nyingi bar 2.2 hadi 2.8 (garajini husema "kilo mbili na nusu"). Kwenye kokoto, 1.8 hadi 2. Kwenye mchanga, 1.2. Ukikwama, 0.8, na hapo unatembea polepole bila kukata kona kali, kwa sababu tairi laini hivyo hujichomoa kwenye rimu. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Gari zito la kulala lenye tairi za lori dogo lina hesabu yake: toa robo ya upepo wa lami kwa ajili ya kokoto, uishie hapo.

Watu wengi wanajua kutoa upepo, wanasahau kuurudisha. Kutoka mchangani unarudi kilomita 60 za lami hadi Sesriem. Tairi la bar 1.2 kwenye lami linajikunja ubavuni kila mzunguko, linapata joto, na kamba za ndani zinaachana. Halipasuki siku hiyo. Linapasuka siku tatu baadaye karibu na Otjiwarongo, na dereva analaumu muuzaji. Kwa hiyo kompresa ya volti 12 iwemo garini, na ifungwe moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio. Ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari itaunguza fyuzi kwenye tairi la pili. Injini iwe inanguruma wakati wa kujaza.

Beba matairi mawili ya akiba, na kijiko cha valvu (kifaa cha kufungulia valvu ya tairi). Kijiko hicho ni kidogo kama kidole na ndicho kinachosahaulika.

Kwenye mchanga wenyewe ninaendeshaje?

Simama kwenye maegesho ya lami, toa upepo, ingiza 4x4 kabla ya kuingia, wala si baada ya kuzama. Chukua gia ya chini yenye nguvu, ingia kwa mwendo wa kutosha na uushike huo huo. Fuata mfereji wa magari yaliyotangulia. Ukitaka kusimama, inua mguu tu. Breki hulundika mchanga mbele ya magurudumu na kuondoka kunakuwa kazi. Chagua mahali panapoteremka kidogo. Asubuhi mchanga una baridi na umeshikana. Saa saba mchana ni kama unga wa mahindi uliochekechwa.

Pa kujifunzia papo hata kwetu. Mchanga wa Kalahari unapanda hadi nyanda za juu za Katanga, na anayeijua njia ya Biano ameshaukanyaga.

Nimekwama. Nianzie wapi?

Achia mafuta mara gurudumu linapozunguka bure. Sekunde tano za ukaidi zinashusha gari sentimita ishirini. Jaribu kurudi nyuma ukikanyaga alama zako mwenyewe. Ikikataa, abiria wote washuke, kisha chungulia chini. Kama difrensha imelala juu ya mchanga, kusukuma ni kazi bure mpaka utoe mchanga chini yake kwa sepeto ya mpini mrefu.

Halafu chimba mbele ya magurudumu yote manne, ukitengeneza mteremko mrefu wa kupandia, shusha upepo hadi 0.8, sukumiza mbao za kujinasua zikibana tairi, uondoke taratibu. Huna mbao? Mazulia ya garini hufanya kazi mara moja, kisha yanarushwa nyuma kwa kasi, kwa hiyo asisimame mtu huko. Jeki inataka kibao cha sentimita 30 kwa 30 chini yake. Bila hicho jeki ndiyo inayoshuka, gari linabaki lilipo.

Ukivutwa na gari lingine, kamba ifungwe kwenye ndoano za kuvutia zilizofungwa imara kwenye chesisi yenyewe. Kile kibonge cha kuvutia trela hakivutiwi gari lililozama: kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Watazamaji wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba.

Tulale ndani ya geti au nje?

Ndani, kama mnapata nafasi. Kambi ya Sesriem iko nyuma ya geti la kwanza, na wanaolala humo hufunguliwa geti la ndani saa moja kabla ya jua. Wa nje wanangoja jua lichomoze, kisha wana kilomita 45 hadi kilima cha Dune 45 kwa mwendo mdogo wa hifadhini. Rangi nyekundu ile ya picha imeshapauka wakifika. Likizo yetu ya mwezi wa saba na wa nane inaangukia msimu wenye watu wengi, kwa hiyo weka nafasi miezi mingi kabla.

Saa za Namibia ni sawa na za Lubumbashi, lakini jua si lile lile. Mwezi wa sita huku kwetu linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Sesriem ni zaidi ya saa moja baadaye. Usiamshe watoto saa kumi usiku kwa mazoea ya nyumbani.

Naweza kupandisha gari juu ya kilima?

Hapana. Vilima ni vya miguu. Na kwenye tambarare za kokoto, alama ya gurudumu lililotoka njiani hukaa miaka na miaka.

Mama yangu ana miaka 70. Ataona nini?

Mengi. Kutoka mwisho wa njia ya 4x4 hadi Deadvlei ni kama kilomita moja ya kutembea kwenye mchanga, pole pole, kwa fimbo na kofia. Pale ni sakafu nyeupe ya udongo wenye miti myeusi iliyokufa karne nyingi zilizopita, imesimama bado kwa sababu ukavu haujairuhusu kuoza. Haiguswi. Wenye magoti mazuri wapande kilima cha Big Daddy, zaidi ya mita 300, saa moja na nusu hadi mbili juu ya ukingo, kisha washuke mbio hadi Deadvlei kwa dakika kumi. Mama akiwangoja chini kivulini atacheka zaidi yao. Karibu na kambi kuna kilima cha Elim, kinafaa jioni, na korongo la Sesriem, ambalo jina lake linatokana na kamba sita za ngozi zilizounganishwa ili kuteka maji chini.

Baridi ni ya kweli?

Ni ya kweli. Mwezi wa sita hadi wa nane usiku unaweza kukaribia nyuzi sifuri, mchana ukapata 25. Blanketi mbili kila mtu, na kofia ya sufu. Usiingize mbabula (jiko la makala) kwenye hema wala garini, hata makala yakionekana yamezimika: moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hesabu inageuka: nyuzi 40, na mchanga wa mchana unachoma nyayo.

Upepo mara nyingi huja alasiri. Egesha gari pua ikiuelekea, na turubai la pembeni likunjwe kabla ya kwenda kutembea. Turubai lililoachwa wazi saa nane, saa kumi utalikuta kwa jirani.

Friji itamaliza betri?

Ya lita 40 hula kama ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku ya joto. Betri ya pili ya AGM (ya asidi, iliyofungwa) ya ampea-saa 100 unatumia nusu yake tu ukitaka iishi, yaani siku moja na kidogo. Paneli ya sola ya wati 120 inaziba pengo hilo, mradi iwe juani gari likiwa kivulini, kwa waya mnene wa mita tano au sita, na ifutwe vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.

Maji?

Lita kumi kwa mtu kwa siku: tano za kunywa, tano za kupika na kunawa. Bidoni za lita 20, zifungwe chini sakafuni katikati ya ekseli mbili. Kambini maji yapo. Bidoni ni za siku gari linapogoma njiani.

Bukari (ugali) tutapikaje?

Unga wa mahindi unapatikana maduka makubwa ya Windhoek. Shida ni jiko. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu ni mrefu na mwembamba. Ukianza kusonga kwa nguvu, sufuria, mtungi na maji ya moto vinalala pamoja. Weka jiko la chini lenye miguu mipana juu ya ubao, mmoja ashike sufuria kwa vitambaa, mwingine asonge. Kinga upepo kwa bati upande mmoja tu. Ukizungushia bati pande zote, mtungi unapata joto lisilotakiwa. Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha uzi wa regyuleta unaingia kwenye mitungi ya huko. Vinginevyo nunua mtungi wa kilo tatu Windhoek.

Kuna wanyama wa kuogopa kambini?

Nge. Kung'uta viatu kila asubuhi, na usitembee pekupeku usiku bila tochi. Mbweha kwa kawaida hawaumi mtu, wanaiba: kiatu cha ngozi kilichoachwa nje ya hema hakirudi.

Mchanga ukiingia kwenye zipu za hema?

Usipake mafuta. Mafuta hushika mchanga na kuufanya msasa, na siku ya tatu meno ya zipu yameliwa. Piga brashi kavu ya meno kwanza, ukifuata mstari, kisha sugua kipande cha mshumaa juu na chini mara mbili. Fungua na ufunge taratibu. Nta inaingia yenyewe.

Gari likirudi Lubumbashi nimwambie fundi aangalie nini?

Filta ya hewa na ya kabini, mafuta ya difrensha (yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia), buti za mpira za ekseli, na pedi za breki ambazo mchanga umezikwangua. Asipige maji ya nguvu chini ya gari kabla ya kupuliza kwa hewa: mchanga mkavu hutoka kwa pumzi moja, ukilowana unakaa kwenye beringi. Na avue matairi yote manne kwenye rimu akague kuta za ndani. Unga mweusi humo ndani ni wa siku ile uliyosahau kuyajaza.